Sampu au bila sampu? Shajara ya tangi la lita mia, Tudor, Mombasa

14 Mei 2023

Fundi wa vioo wa Majengo amenikabidhi tangi leo. Sentimita 60 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 8, shilingi 9,500. Kwenye karatasi ni lita 121, lakini ukiondoa unene wa kioo, mawe, mchanga na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe hayafiki mbali na lita mia. Jambo moja nimelipima mapema na litarudi mara nyingi huku chini: kila sentimita moja ya kina ndani ya tangi hili ni kama lita mbili na nusu.

Ni tangi la matumbawe laini na samaki wawili watatu, si zaidi. Lililobaki ni kuamua kama litakuwa na sampu. Kwa asiyeijua, sampu ni tangi la pili linalokaa ndani ya kabati. Maji ya juu hufurika kwa makusudi kwenye tundu la nyuma, hushuka kwa bomba, hupita kwenye vyumba vya kuchujia, kisha pampu huyasukuma tena juu. Wanaoisifu wana hoja zao. Maji huongezeka, na maji mengi hayaharibiki haraka. Kimo cha tangi la juu hakibadiliki, kwa kuwa maji yakipungua hupungua chini. Ule utando wa mafuta unaotanda usoni huondoka wenyewe. Na vyombo vyote hufichika, hasa skima ile inayochuja povu chafu, pamoja na hita.

Hoja ya hita nimeicheka. Hita, Mombasa? Hapa mtu huomba maji yapoe.

Hoja nyingine sijaweza kuzipinga, kwa hiyo naanza na sampu. Kioo cha milimita 6, 50 kwa 30 kwa 35, vyumba vitatu, shilingi 4,000. Pampu ya kurudisha maji ni ya wati 18, ya mkono wa pili, 4,500.

17 Juni 2023

Sikutaka kulitoboa tangi jipya, basi nikatengeneza bomba la kunyonya: vipande vya PVC vilivyogundishwa kupanda ukingo wa tangi, kwenda nje na kushuka, shilingi 650. Maji yakishajaa mle ndani, hunyonywa yenyewe kuvuka ukingo.

Nimelijaribu verandani kwa maji ya kisima. Nilizima swichi mara tatu, na mara zote tatu lilipowashwa likaendelea na kazi kama kawaida. Nikaliacha likifanya kazi siku mbili, nikazima mara ya nne. Nilipowasha, kimya. Vipovu vya hewa vilikuwa vimejikusanya kidogo kidogo kwenye kona ya juu ya bomba, na pampu iliposimama vikaungana vikakata mnyonyo. Pampu haikujua. Ilisukuma maji yote ya chumba chake juu, yasipate njia ya kushuka, yakamwagika. Kama lita kumi. Kisha pampu ikabaki inanguruma kavu.

Kasoro hii haionekani siku ya kwanza, na ndiyo inayonitisha. Ukijaribu saa moja utaapa kwamba bomba ni zima. Ukitaka sampu kwenye tangi lisilotobolewa, liache lifanye kazi siku kadhaa ndipo uzime swichi, tena ukiwa umesimama hapo hapo. Mimi bomba nimelitupa.

1 Julai 2023

Kutoboa. Kwanza hakikisha kioo si cha tempa, kile kinachopasuka chembechembe. Hicho hakitobolewi, kikiguswa na keni, lile jino la drili la kukatia tundu, kimekwisha. Changu ni cha kawaida, na bado cha nyuma kilipasuka wiki iliyopita. Kosa ni langu: nilimharakisha fundi, akabonyeza drili bila maji ya kutosha, na ufa ukatoka tunduni hadi pembeni. Kubadilisha upande mmoja na kuugundisha upya, 2,200. Keni ya almasi ya milimita 35, 1,800.

Safari hii alitoboa kabla ya kugundisha. Alikilaza kioo juu ya blanketi, akazungushia ukuta wa udongo wa kuchezea watoto, akamimina maji ndani ya ule mduara, akaacha uzito wa drili yenyewe ufanye kazi. "Bosi, kioo chataka kubembelezwa," akaniambia, kana kwamba wiki iliyopita hakuwapo. Dakika kumi na mbili. Konekta ya tangi, mabomba na viungo, 1,350.

9 Julai 2023

Silikoni imekauka siku nane. Maji nilichota tarehe 4, bamvua ya mwezi mpevu, bahari ikiwa imejaa kabisa jioni. Mvuvi wa Nyali alinitoa nje kidogo ya ufuo, kwa kuwa msimu wa kusi maji ya ukingoni yamejaa mchanga na mwani. Nilichukua maji tu. Lile eneo ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na mawe na viumbe vyake vibaki palepale. Nikayaacha siku tano kwenye pipa lililofunikwa, taka zikatuama. Chumvi, gramu 35 kwa kilo. Safi.

Mawe ni vipande vya jiwe la machimbo, lilelile la kuta za Mji wa Kale, ambalo nalo ni matumbawe yaliyokufa zama na zama. Nimeyasugua na kuyaloweka wiki tatu. Bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki watahamia humo.

Sampu inafanya kazi. Maji ya jumla sasa ni kama lita 127. Uso wa maji unang'aa kama kioo cha saa. Nimefurahi, nakiri.

9 Agosti 2023

Hili nitalieleza polepole maana ndilo lililonigharimu.

Mdomo wa bomba la kurudisha maji niliuweka sentimita 12 chini ya uso, ili mkondo upige mawe. Stima ikizimika, pampu husimama na lile bomba hugeuka mnyonyo: maji ya juu hushuka kinyumenyume hadi mdomo ubaki hewani. Sentimita 12 mara lita mbili na nusu ni lita 30. Sampu yangu ikiwa kazini ina nafasi ya lita 21 tu. Hesabu hiyo niliijua. Ndiyo maana nilitoboa katundu ka milimita 4 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Uso ukishuka, katundu huvuta hewa na mnyonyo hukatika. Nilikajaribu mara tano, kakafanya kazi mara tano.

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, stima ikakatika. Katundu kalikuwa kameota mwani, na konokono mdogo amejikalisha juu yake. Maji yakashuka yote.

Sikuamshwa na maji. Niliamshwa na simu ya mama wa ghorofa ya chini. "Mwanangu, dari yangu yalia," akaniambia, sauti ya upole inayouma kuliko matusi. Nikamjibu, "Nisamehe mama, naja saa hizi," nikashuka na tambara na ndoo. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya pembeni ya bomba la jikoni na kuchora ramani juu ya kabati lake la vyombo. Lita tisa tu! Ukizimwaga sakafuni ndipo utajua lita tisa ni nini.

Rangi ya dari yake, 3,000. Alikataa nisiongeze kitu juu yake, ila akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: hao samaki wenyewe wako wapi? Hawajaja bado, mama.

Marekebisho: mdomo wa bomba umepandishwa hadi sentimita 2 chini ya uso. Hata matundu yote yakizibwa, zitashuka lita tano na zile za mabombani, basi. Mkondo wa kupiga mawe sasa unatoka kwenye pampu nyingine ndogo ndani ya tangi. Na kwenye sampu nimechora mstari kwa makapeni: maji yakiwa kazini yasivuke hapa. Usitegemee katundu. Weka mdomo juu, katundu kawe ka ziada.

26 Agosti 2023

Samaki klauni wawili waliingia tarehe 19, amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu, ikiwa sufuri kwa siku kumi mfululizo. Jana Ijumaa usiku nchi nzima ikaingia gizani. Asubuhi ya leo stima ilikuwa bado.

Hakuna tone lililomwagika. Sampu ilipanda kiasi, bado mbali na ukingo, ikatulia. Lakini nilipokuwa nimekaa na tochi nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: bila pampu, sampu si sehemu ya tangi. Zile lita 27 nilizojigambia zimejitenga kabatini, na samaki wako kwenye lita zao mia wakitumia hewa yao wenyewe. Faida ya maji mengi ipo mradi stima ipo, na wakati ninapoihitaji hasa ndipo inapotoweka.

Walinusurika kwa pampu ndogo ya hewa ya betri, shilingi 1,200, ambayo mpira wake niliutupia ndani ya tangi la juu. Betri mbili hadi alfajiri.

Stima iliporudi kulikuwa na jingine. Maji ya sampu yalikuwa yamelala saa nyingi kwenye kabati lililofungwa, pamoja na uchafu wa kichujio, na yalitoa harufu ya yai viza. Pampu ingewaka yenyewe ikayapeleka yote juu kwa samaki. Bahati nilikuwa nimechomoa waya. Niliyatoa nusu nikayamwaga. Tena skima: kimo cha sampu kikiwa juu, skima huzama kupita kiasi, na ikiwashwa hivyo hutapika kikombe chake chote cha uchafu majini. Sasa kila stima ikikatika nachomoa nyaya mbili. Nikiwa nyumbani, maana nikiwa kazini hakuna wa kuchomoa.

4 Novemba 2023

Septemba na Oktoba hazina la kuandika. Vipande vinne vya matumbawe laini vimetoka kwenye tangi la mwenzangu wa Nyali, vimeshika vizuri.

Sasa joto. Alasiri maji yamefika 29.8. Nimeweka feni mbili ndogo zipulize usoni. Kwa hewa yetu iliyojaa unyevu, tena Novemba hii ya mvua za El Niño, feni hazishushi zaidi ya nyuzi moja na nusu. Hushusha kwa kugeuza maji kuwa mvuke, kwa hiyo napoteza lita tatu kwa siku.

Hapa sampu inanionyesha upande wake wa pili. Maji hupungua kwenye chumba cha pampu peke yake, nacho kina upana wa sentimita 20 tu. Lita tatu hukishusha sentimita tano. Nikisahau siku mbili, pampu huvuta hewa na kupuliza vipovu tangi zima. Bila sampu, lita hizo tatu zingeshusha tangi la juu sentimita moja na kidogo.

Nikapiga hesabu nyingine iliyoniudhi. Pampu ya kurudisha ni wati 18, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya maji. Kuliondoa joto hilo kwa mvuke kunahitaji karibu theluthi mbili ya lita kila siku. Yaani nanunua stima ya kupasha maji, kisha nanunua feni ya kuyapoza, kisha nanunua maji ya kuchuja ya kufidia yaliyopeperuka. Uniti 13 kwa mwezi, kama shilingi 370, kwa pampu hiyo peke yake. Si pesa nyingi. Ni upuuzi wake ndio unaouma.

12 Novemba 2023

Jana usiku giza tena nchi nzima. Nilikuwa harusini Likoni, na kivuko usiku ule, jamani, foleni. Nilifika nyumbani stima imerudi kabla yangu. Skima imetapika, tangi jeupe kama maji ya mchele, samaki mmoja anahema karibu na uso. Nilibadilisha lita 25 usiku huohuo. Wote wazima asubuhi.

Nimeamua. Sampu inatoka.

Gharama yake hadi leo: kioo 4,000, pampu 4,500, bomba la kunyonya lililotupwa 650, kioo kilichopasuka 2,200, keni 1,800, mabomba 1,350, dari ya jirani 3,000. Jumla 17,500, karibu mara mbili ya tangi lenyewe.

26 Novemba 2023

Kutoa sampu kunahitaji subira, kwa sababu bakteria wamekaa pia kwenye mawe yake ya kuchujia. Nilitoa nusu tarehe 13, nikapima amonia kila siku, nikatoa nusu ya pili leo wiki moja iliyopita. Sufuri wakati wote. Mawe ya tangi yanatosha kwa samaki wawili. Tundu la nyuma nimelifunga kwa kizibo chenye skrubu, konekta imebaki.

Mambo matatu sampu iliyokuwa ikinifanyia nimeyanunua mojamoja. Skima ya kuning'inia nyuma, mkono wa pili, 6,000. Pampu ya wati 4 inayoelekea juu kuvunja utando wa uso, 1,900. Floti ya kujazia maji matamu, kama ile ya tangi la choo lakini ndogo, pamoja na mpira wake, 450. Hiyo ni 8,350, na pampu ya wati 18 nimeiuza 3,000.

Utando ulirudi siku ya pili. Nikaipandisha ile pampu ndogo hadi uso ukatetemeka lakini usirushe matone, na siku ya nne ukawa umeondoka. Si kama enzi za sampu. Nikitazama kutoka pembeni bado naona mwanga wa mafuta asubuhi.

Floti nayo imenifunza adabu. Niliiunganisha na mtungi wa lita 20 juu ya rafu. Jumatano usiku konokono (hawa konokono wana kisa na mimi) akapanda kwenye mkono wa floti akaukandamiza chini. Floti ikadhani maji yamepungua, ikafungua. Asubuhi maji yalikuwa nusu sentimita chini ya ukingo, na chumvi imeshuka kutoka 35 hadi 32. Ziliingia kama lita tisa. Kilichoniokoa ni kwamba mtungi haukuwa umejaa. Matumbawe yote yalikuwa yamejifunga.

Sikuongeza chumvi kwa ghafla. Kwa siku tatu nilijazia maji ya bahari badala ya maji matamu, na nikapunguza kidogo kila asubuhi, ikapanda pole pole. Kisha marekebisho mawili. Floti imefungiwa ndani ya kikombe cha plastiki chenye matundu membamba, konokono haingii. Na mtungi sasa ni wa lita 5, ule wa mafuta ya kupikia, ukioshwa vizuri mara nyingi. Ukimwagika wote, chumvi itashuka hadi 33 na kitu. Matumbawe yatanuna, hayatakufa.

11 Desemba 2023

Jana jioni giza la nchi nzima kwa mara nyingine. Niliwasha pampu ya betri, nikala, nikalala. Stima iliporudi hapakuwa na cha kuchomoa. Skima ya kuning'inia ilianza yenyewe kwa sababu kimo cha maji hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Sina la kuongeza.

17 Februari 2024

Kaskazi imekolea. Saa kumi alasiri maji yalifika 30.4, na kipande kimoja kilijifunga siku nne. Nilikuwa mdogo mwaka 1998 maji ya pwani hii yalipochemka na matumbawe yakageuka meupe mwamba mzima, wazee wa uvuvi hawajaacha kulisimulia. Kwa hiyo 30 na ushei siipuuzi.

Nilidhani nitajutia zile lita 27 za sampu. Zingechelewesha joto saa moja au mbili, lakini mwisho wa siku zingefika palepale, kwa sababu chumba chenyewe ni cha moto na pampu ingeongeza lake. Kilichosaidia hakikugharimu kitu: taa. Nilikuwa naziwasha saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, yaani naongeza joto juu ya joto la mchana. Sasa zinawaka saa kumi na moja jioni hadi saa sita usiku. Kilele kimeshuka hadi 29.6, na kile kipande kimefunguka jana. Tena mimi hurudi kutoka kazini jioni, ndipo ninapoliona tangi.

Mtungi wa lita 5 unakwisha kwa siku moja na nusu msimu huu. Nikisafiri wikendi lazima mtu aje ajaze. Hilo ni deni la kutokuwa na sampu kubwa yenye akiba. Skima ya nyuma nayo ina mlio, na kwenye sebule ndogo unausikia hata redio ikiwa wazi.

Kama ningekuwa ghorofa ya chini, na tangi la lita 250 kuendelea, na betri ya inverta ya kuendesha pampu usiku kucha, ningejenga sampu tena kesho. Ndiyo maana tundu la nyuma nimeliacha na kizibo. Kwa lita mia juu ya dari ya mtu, hapana.

Kioo cha sampu kiko verandani. Kimekuwa karantini ya vipande vipya, kila kimoja kinakaa wiki nne kabla ya kuingia. Mama wa chini alipanda Jumapili kuwaona samaki kwa mara ya kwanza. Aliwatazama kitambo, kisha akainama kuchungulia kabatini, akaona patupu, akasema "Alhamdulillahi," akaomba chai.